Baba Asiyeacha Wasia: Kisasili cha Mzazi katika The Wall na The Final Cut

Utangulizi

Katika muziki wa roki wa Uingereza zimo santuri ambazo hazikutungwa kama mkusanyiko wa nyimbo zinazojitegemea, bali kama kisa kimoja chenye mhusika mkuu, mgogoro na kilele. Santuri za namna hiyo zinastahili kuhakikiwa kwa vigezo vile vile vinavyotumiwa katika kuhakiki utenzi au tamthilia, kwa maana nyimbo zake hutegemeana kama zitegemeanavyo beti, na wimbo mmoja ukiondolewa maana ya mingine huyumba. Mbili kati ya hizo ni The Wall, yaani "Ukuta", iliyotolewa na bendi ya Pink Floyd mwezi Novemba 1979, na The Final Cut, iliyofuata mwezi Machi 1983. Mtunzi mkuu wa zote mbili ni Roger Waters, mpiga gitaa la besi wa bendi hiyo, ambaye ndiye pia aliyeandika mswada wa filamu iliyotokana na santuri ya kwanza na kuongozwa na Alan Parker mwaka 1982. Kazi hizi tatu zitachukuliwa hapa kama mfululizo mmoja.

Ndani ya mfululizo huo yumo mhusika asiyepewa sauti yake mwenyewe, ambaye hata hivyo anatawala kisa chote. Mhusika huyo ni baba. Maelezo yaliyozoeleka juu yake ni ya kiwasifu: baba wa mtunzi alikufa vitani, kwa hiyo baba wa nyimbo ndiye baba wa mtunzi, na suala limekwisha. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Yanaeleza nyimbo zimetoka wapi. Hayaelezi zinafanya nini. Aidha, yanaficha jambo ambalo mhakiki hana budi kulikabili, nalo ni kwamba baba wa nyimbo na baba wa historia hawalingani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba baba huyo ni kisasili kwa maana kamili ya neno hilo, yaani hadithi ya asili inayosimuliwa ili kueleza kwa nini mambo ya leo yako jinsi yalivyo. Kama ilivyo desturi ya visasili, hadithi hiyo inahifadhi baadhi ya mambo na kuyaacha mengine, na jambo kubwa lililoachwa ni uamuzi wa baba mwenyewe. Katika The Wall baba ni marehemu asiyeacha wasia, na kwa kuwa hakuna wasia, mwana anapotea hata akavaa sare inayofanana na ya adui wa baba. The Final Cut ni jaribio la mwana la kuuandika wasia huo kwa mkono wake mwenyewe. Linalobaki kuulizwa ni kama wasia huo ni wa marehemu kweli, au ni wa mrithi.

Mtu aliyekuwapo

Eric Fletcher Waters alikuwa mwalimu wa shule na Mkristo mwenye imani thabiti. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza alikataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri yake, na badala yake akaendesha gari la wagonjwa wakati mji wa London ulipokuwa ukishambuliwa kwa mabomu ya ndege za Ujerumani. Baadaye msimamo wake ulibadilika. Alijiunga na Chama cha Kikomunisti, akafikia uamuzi kwamba ufashisti haungeweza kushindwa ila kwa silaha, na mtu yule yule aliyekuwa amekataa vita akaingia jeshini kwa hiari yake. Mwaka 1943 alipewa cheo cha luteni-usu katika batalioni ya nane ya Royal Fusiliers. Mwanawe, Roger, alizaliwa tarehe 6 Septemba mwaka huo huo.

Tarehe 22 Januari 1944 majeshi ya Uingereza na Marekani yalitua katika pwani ya Anzio, kusini mwa Roma. Kati ya mwezi Februari Wajerumani walifanya shambulio kubwa kwa nia ya kuwasukuma baharini, na tarehe 18 ya mwezi huo Eric Fletcher Waters aliuawa. Mtoto wake alikuwa na umri wa miezi mitano. Marehemu hana kaburi linalojulikana. Jina lake limeandikwa katika ukumbusho wa Cassino pamoja na majina ya wenziwe waliokufa Italia bila kuzikwa mahali panapofahamika. Naye pia alikuwa yatima wa vita, kwani baba yake, George Henry Waters, aliuawa huko Ufaransa mwaka 1916 katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakati Eric alipokuwa bado mtoto mdogo.

Mambo matatu katika wasifu huu yanahusu moja kwa moja uhakiki unaofuata. La kwanza ni kwamba mwana hana kumbukumbu yoyote ya baba; kila anachokijua amekipata kwa picha, karatasi na maneno ya watu wengine. La pili ni kukosekana kwa kaburi. Msiba usio na kaburi hauna mahali pa kumalizikia, na watu wanaokosa mahali pa kuomboleza huomboleza kwa maneno. La tatu, ambalo ni zito kuliko yote, ni kwamba baba alikwenda vitani baada ya kufikiri. Alikataa, akafikiri, kisha akakubali. Mtu wa namna hiyo hawezi kuelezwa kwa ukamilifu kama kondoo aliyepelekwa machinjoni.

Ufa na ukuta

Chanzo cha The Wall hakikuwa baba. Mwezi Julai 1977, katika onyesho mjini Montreal, Waters alikasirishwa na shabiki mmoja aliyekuwa karibu na jukwaa akamtemea mate. Tendo hilo lilimtisha yeye mwenyewe, na akaanza kuwazia ukuta unaojengwa kati ya msanii na hadhira yake. Wazo la kwanza, basi, lilikuwa juu ya msanii aliyeufanya moyo wake mgumu. Mtunzi alipojiuliza ukuta huo ulianzia wapi ndipo akarudi nyuma katika maisha ya mhusika wake, anayeitwa Pink, mpaka akafika kwa baba. Hivyo ndivyo kisasili kinavyofanya kazi: huanza na jambo lililopo, kisha hulitafutia asili.

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisa cha Pink kinaweza kuelezwa kwa methali hiyo, ila kwa tofauti moja: ufa huu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuuziba. Tofali la kwanza linawekwa katika wimbo wa tatu, sehemu ya kwanza kati ya tatu za Another Brick in the Wall. Humo baba amevuka bahari na kuacha kumbukumbu tu, na picha moja katika kitabu cha picha za ukoo. Mtoto anamwuliza ni kitu gani kingine alichomwachia, na hakuna jibu linalotolewa. Swali hilo ni swali la mirathi. Si kwamba mtoto anadai mali, anadai neno. Picha inaonyesha sura, lakini haiagizi, haikemei wala haibariki.

Ni muhimu kutazama fani ya sehemu hii. Sauti yake ni ya chini, gitaa linajirudia kama mwangwi, na mwishoni zinasikika sauti za watoto wakicheza. Lahani ile ile inarudi baadaye katika sehemu ya pili, ambapo watoto wa shule wanawakataa walimu wao, na tena katika sehemu ya tatu, ambapo Pink, akiwa sasa mtu mzima, anawakataa watu wote. Sehemu ya pili ndiyo iliyopata umaarufu duniani, ikachukuliwa kuwa wimbo wa uasi wa wanafunzi. Msikilizaji anayeifuata santuri tangu mwanzo, hata hivyo, anajua kwamba lahani hiyo ilianza kama maombolezo. Hasira juu ya mwalimu inaimbwa kwa lahani ya msiba wa baba. Kwa njia hiyo fani inasema jambo ambalo maneno hayalisemi: kwamba kila mtu mwenye mamlaka anayekuja baadaye katika maisha ya Pink anapimwa kwa nafasi iliyoachwa wazi, na kila mmoja anashindwa kuijaza.

Mama naye anajaribu kuijaza. Katika wimbo unaoitwa kwa jina lake, mtoto anamrundikia maswali juu ya vita, utawala na wanawake, yaani maswali ambayo huenda angemwuliza baba. Mama anajibu kwa kumkumbatia hata akamziba pumzi, na kumsaidia kuujenga ukuta. Si haki, hata hivyo, kumhukumu mama huyu kama wahakiki wengine wafanyavyo. Yeye ni mjane aliyeachiwa kazi ya watu wawili, naye anamlinda mwana kwa woga wa mtu aliyekwisha kupoteza.

Kiti kitupu mahakamani

Kilele cha The Wall ni kesi. Pink, akiwa amefungiwa ndani ya ukuta wake, anajishtaki katika mahakama ya akilini mwake. Mwendesha mashtaka anasimama, na mashahidi wanaitwa mmoja mmoja: mwalimu, mke na mama. Kila mmoja anatoa dai lake. Mwishowe hakimu anaamuru ukuta ubomolewe na mshtakiwa aachwe wazi mbele ya wenzake.

Wako wanaofuata nadharia ya Freud ambao wangesema kwamba hakimu huyo ndiye baba, aliyerudi katika umbo la sheria. Fasiri hiyo ina mvuto, lakini santuri yenyewe haiiungi mkono. Hakimu anasawiriwa kama kiumbe wa kinyaa na kichekesho, mwenye ghadhabu na asiye na huruma, na hana hata alama moja ya yule mtu wa kwenye picha. La maana zaidi ni kwamba katika orodha ya mashahidi baba hayumo. Watu wote waliochangia tofali katika ukuta wameitwa, isipokuwa yule aliyeweka la kwanza. Hakushtakiwa, hakutetewa, wala hakuulizwa. Kiti chake ni kitupu, na utupu huo ndio ushahidi mkubwa kuliko yote uliotolewa mahakamani.

Kabla ya kesi hiyo limetokea jambo la kutisha ambalo linahitaji kufasiriwa pamoja nayo. Pink, akiwa amelewa dawa na kulazimishwa kupanda jukwaani, anajiona kuwa kiongozi wa kifashisti. Anawabagua mashabiki wake kwa rangi, dini na tabia zao, na wafuasi wake wanaandamana chini ya alama ya nyundo mbili zilizopishana. Filamu inaliandaa jambo hili kwa ustadi. Mapema katika kisa, mtoto anaingia chumbani kwa mama, anafungua mtoto wa meza, na kukuta vitu vya baba: sare ya jeshi, wembe wa kunyolea, risasi, na karatasi ya rambirambi. Anaivaa sare hiyo mbele ya kioo. Baadaye mtoto huyo huyo, akiwa mtu mzima, anajinyoa nyusi, anavaa sare nyeusi na kuhutubia umati. Sare mbili hizi zimewekwa katika filamu moja ili zitazamwe pamoja.

Hapa ndipo dhamira ya kazi nzima inapodhihirika. Baba alikufa akipigana na mafashisti. Mwana amekuwa fashisti. Imewezekanaje? Imewezekana kwa sababu mwana alirithi sare bila kurithi sababu ya kuivaa. Alijua kwamba baba alikufa, lakini hakuambiwa alikufa akitaka nini. Sare isiyo na sababu ni nguo tu, na anayeivaa anaweza kuitumia kwa jambo lolote. Kwa maana hiyo The Wall ina hekima kuliko kisasili chake yenyewe: inasimulia hadithi ya baba aliyenyimwa uamuzi wake, kisha inaonyesha madhara yanayomfika mwana anayelelewa juu ya hadithi hiyo.

Muundo wa santuri unatilia mkazo jambo hilo. Maneno machache ya mwisho kabisa na yale ya mwanzo kabisa ni vipande viwili vya sentensi moja iliyokatwa, na anayeisikiliza tena anaunganisha mwisho na mwanzo. Ukuta uliobomolewa utajengwa upya. Mwaka 1916 ulizaa yatima, na yatima huyo akaacha yatima mwaka 1944. Duara hilo si la muziki peke yake.

Vifaru na muhuri wa mfalme

Wimbo uitwao When the Tigers Broke Free haukuwamo katika The Wall ya 1979. Uliimbwa katika filamu, ukatolewa peke yake mwaka 1982, na hatimaye ukaingizwa katika toleo jipya la The Final Cut la mwaka 2004. Ndio wimbo pekee katika mfululizo huu unaosimulia kifo cha baba kwa mpangilio wa matukio. Tiger ni aina ya kifaru cha vita cha Wajerumani. Msimulizi anaeleza asubuhi ya baridi kali, ofisa wa mstari wa mbele anayeomba ruhusa ya kurudi nyuma, na majenerali wanaomkatalia kwa sababu eneo lile halina budi kushikiliwa. Halafu anasimulia jinsi alivyoikuta ile rambirambi iliyotumwa kwa jina la mfalme, ikiwa na sahihi iliyogongwa kwa muhuri. Wimbo unamalizika kwa kuwashtaki wakuu wa jeshi.

Kama maombolezo, wimbo huu hauna kasoro. Kwaya ya wanaume kutoka Wales inaandamana na sauti ya mwimbaji, na mwimbaji anapofika mwisho sauti yake inapasuka kama ya mtoto. Tofauti kati ya wingi wa sauti nzito za wanaume na uchovu wa sauti ile moja inaonyesha vizuri zaidi kuliko maelezo yoyote kwamba aliyefiwa bado ni mtoto yule wa miezi mitano. Taswira ya muhuri nayo ni ya kukumbukwa: kifo cha mtu mmoja kimejibiwa kwa tendo ambalo mkono wa karani unalifanya mara mia kwa siku.

Kama hukumu, hata hivyo, wimbo unaacha deni. Ndani yake baba hana kitenzi chake. Ametumwa, amewekwa, ameachwa, ameuawa. Kila tendo limefanywa na mtu mwingine. Yule mwalimu aliyekwenda mbele ya sheria kukataa vita, kisha akarudi mwenyewe kuomba silaha, haonekani. Inaweza kujibiwa kwamba wimbo mfupi hauwezi kubeba wasifu mzima, na jibu hilo ni la haki. Lakini kisichosemwa katika wimbo huu hakisemwi popote katika mfululizo. Dhuluma ya majenerali inaelezwa. Hiari ya baba haielezwi. Marehemu hana wakili, na mwana aliyejitolea kuwa wakili wake amemtetea kwa kumfanya asiye na hatia na asiye na nia pia.

Mwalimu na mpiga bunduki

The Final Cut ilianza kama masalio ya filamu. Tarehe 2 Aprili 1982 Argentina iliviteka visiwa vya Falkland, na serikali ya Margaret Thatcher ikapeleka majeshi kuvirudisha. Vita hivyo vilimalizika mwezi Juni vikiwa vimeua Waingereza 255 na Waajentina 649, wakiwamo 323 waliozama na meli ya General Belgrano. Tukio hilo lilibadili mwelekeo wa kazi. Santuri iliyotoka mwaka uliofuata ilitabarukiwa kwa Eric Fletcher Waters, ikatangazwa kuwa maombolezo ya ndoto iliyofuata vita. Baba ambaye katika The Wall alikuwa jeraha la mtu mmoja sasa amekuwa kipimo cha taifa zima. Wimbo wa kwanza unauliza iwapo Uingereza ya wakati ule ilistahili kifo chake.

Maendeleo makubwa ya kisanaa katika santuri hii yanaonekana kwa mhusika ambaye msikilizaji alidhani amekwisha kumfahamu. Katika The Wall mwalimu ni dhalimu tu, mtu anayewadhihaki watoto darasani. Katika The Hero's Return anarudi, na sasa inajulikana kwamba yeye ni askari mstaafu wa ndege za mabomu. Anaendelea kuwakemea wanafunzi, lakini ndani yake amebeba sauti ya mwenzake, mpiga bunduki, iliyomfikia kwa simu ya ndani ya ndege wakati mwenzake huyo alipokuwa akifa. Hawezi kumwambia mkewe isipokuwa anapokuwa amelala.

Ugeuzi huu una uzito mkubwa. Baba wa Eric hakurudi, wala Eric hakurudi. Mwalimu ndiye baba aliyerudi. Kisasili cha The Wall kilidai kwamba kama baba angekuwapo, ukuta usingejengwa. The Final Cut inajibu kwamba wako baba waliorudi, nao walirudi wakiwa na ukuta wao wenyewe. Kwa mara ya kwanza mwana anamtazama mtu wa rika la baba bila kumwabudu na bila kumchukia. Ikumbukwe pia kwamba Eric mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule. Mtunzi hautaji ukweli huo, wala haulazimiki kuutaja. Lakini anayeujua hawezi kumsikia tena mwalimu wa The Wall kwa sikio la zamani.

Wimbo unaofuata, The Gunner's Dream, unayatoa mawazo ya mwisho ya mpiga bunduki yule anapoanguka kutoka angani. Huo ndio wasia. Anachokitamani ni vitu vya kawaida: mahali pa kukaa, chakula cha kutosha, mitaa ambayo wazee waliopigana wanaweza kutembea bila hofu, uhuru wa kusema mashaka yako kwa sauti, na sheria inayomlinda kila mtu. Katikati ya wimbo ukelele wa mwimbaji unarefuka, kisha unapokewa na saksafoni bila kukatika, hata isijulikane sauti ya mtu imeishia wapi na ya chombo imeanzia wapi. Fani imetimiza hapa lile ambalo maneno yasingeweza: maiti haisemi, lakini pumzi yake imeendelezwa na mwingine.

Je, wasia huu ni wa kweli? Haukuandikwa na Eric Fletcher Waters. Hata hivyo, kati ya nyimbo zote za mfululizo huu ndio unaomkaribia zaidi, kwa sababu ndio pekee unaokubali kwamba mtu aliyekufa vitani alikuwa na jambo alilolitaka. Mtu aliyeamini kwamba ufashisti lazima uzuiwe asingeshangaa kuyasikia matumaini hayo. Inastahili kuangaliwa pia kwamba mtunzi ameufikia ukweli huo kwa kumwacha baba yake na kumwazia mtu mwingine, mpiga bunduki asiye na jina. Alipomwimba baba waziwazi alipata kondoo wa kafara; alipomwimba mgeni alipata mtu.

Santuri haikudumu katika kilele hicho. The Fletcher Memorial Home ni wimbo unaowakusanya watawala wa siku zile, miongoni mwao Thatcher, Reagan, Begin na Brezhnev, katika nyumba ya kuwatunza madikteta wasioponyeka. Nyumba hiyo imepewa jina la kati la baba. Dhihaka yake ni kali na kwa sehemu kubwa inastahili. Lakini mwishoni msemaji anapendekeza waangamizwe, na kwa kufanya hivyo anatumia jina lile lile ambalo Wanazi waliupa mpango wao wa kuwaua Wayahudi. Huenda hiyo ni kejeli; hata kama ni kejeli, mpangilio wake unatisha. Juu ya mlango limeandikwa jina la mtu aliyekufa akipigana na Wanazi, na ndani ya mlango kunatumika msamiati wao. Mwana amevaa tena sare isiyo yake. The Wall iliuonyesha upotofu huo na kuuhukumu. Wimbo huu unauonyesha, na si rahisi kusema kama unauhukumu.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba baba wa santuri hizi hawezi kumalizwa kwa maelezo ya kiwasifu, kwani thamani yake kubwa ya kifasihi imo katika umbali uliopo baina yake na mtu halisi. Katika The Wall yeye ni picha isiyojibu na kiti kitupu mahakamani, na kazi inafichua hatari ya kurithi msiba bila kurithi maana yake. Katika wimbo wa vifaru yeye ni mtendwa tu. Katika The Final Cut anagawanyika kuwa watu wawili, mwalimu aliyerudi na mpiga bunduki asiyerudi, na hapo ndipo anapopata ubinadamu. Kisasili kinapovunjika ndipo ushairi unapokomaa.

Yaliyotokea baadaye yanaelekea kuthibitisha fasiri hiyo. Waters aliiacha Pink Floyd mwaka 1985. Alipoizungusha The Wall duniani kati ya miaka 2010 na 2013, aliwaomba watu wamletee picha za jamaa zao waliouawa vitani, zikaonyeshwa juu ya ukuta wakati wa maonyesho, picha ya baba yake ikiwa miongoni mwazo. Picha ile moja ya kitabu cha ukoo, iliyokuwa tofali la kwanza, imekuwa tofali moja kati ya mengi, na ukuta uliojengwa kumtenga mtu na watu umegeuzwa kuwa mahali pa kuwaonyesha wafu wa watu wote. Kwa msaada wa Harry Shindler, Mwingereza aliyepigana Italia na ambaye baadaye aliishi huko, mahali alipouawa Eric Fletcher Waters palitambuliwa, na tarehe 18 Februari 2014, miaka 70 kamili baada ya kifo chake, mwanawe aliyekuwa na umri wa miaka 70 alizindua ukumbusho wake huko Aprilia.

Mahali hapo pana jina la mtu na tarehe. Hapana mfalme, jenerali wala kifaru. Mwana ametunga kwa miaka mingi ili amjibishe aliyenyamaza, na jambo lililomkaribisha zaidi kwake halikuwa hasira juu ya waliomtuma, bali swali alilolichelewesha: yeye mwenyewe alitaka nini? Wahakiki watakaozirudia santuri hizi watafanya vyema kulianzia swali hilo, kwa sababu marehemu huyu, kabla hajawa kisasili, alikuwa mtu aliyefikiri akabadili nia yake, na uamuzi huo ndio urithi pekee ambao hakuna muhuri ungeweza kuugonga.